Elieth, Mhubiri Tuliyemkatalia

Mimi ndiye niliyeandika katika kitabu cha kumbukumbu za baraza la wazee kwamba Elieth hakuwa na wito. Naanza na hilo ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Nilikuwa katibu wa baraza katika usharika wetu wa Kilutheri hapa Kagondo, pembeni ya mji wa Bukoba, na zaidi ya hapo nilikuwa shemeji yake. Mume wake, Avit, alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Alifariki kwa ugonjwa wa ini, akamwachia Elieth nyumba, kibanja cha migomba na kahawa, na cherehani. Mtoto hawakujaliwa.

Elieth ni mtu wa Nshamba, huko Muleba. Aliolewa kwetu akiwa na miaka ishirini na miwili. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kukutazama usoni mpaka umalize kusema, hata kama unasema upuuzi. Marehemu mama yetu hakuipenda tabia hiyo tangu siku ya kwanza, na mimi pia sikuipenda. Alishona sare za shule kwenye baraza ya nyumba yake na aliimba sauti ya pili kwenye kwaya. Kwa miaka kumi na tano hakuna aliyemsikia akitamka jambo kubwa.

Mwaka wa nne baada ya msiba aliomba kuonana na baraza.

Tulikuwa wazee saba, pamoja na Mchungaji Ishengoma aliyekuwa mwenyekiti wetu. Elieth hakukaa kwenye kiti tulichomwonyesha. Alisema akiwa amesimama kwamba Jumanne moja, kama saa nne asubuhi, alikuwa shambani akiondoa majani makavu ya migomba, akasikia anaitwa kwa jina. Akaitika, akidhani ni jirani. Hapakuwa na mtu. Akaitwa tena. Safari hii hakuitika; alikaa chini pale pale, na alipoinuka alijua kwamba anatakiwa kwenda visiwani kuhubiri kwa wavuvi. Alijuaje, hakuweza kutueleza. Alisema alijua tu, kama mtu anavyojua kwamba ana njaa.

Nilimuuliza kama sauti hiyo ilikuwa ya kiume au ya kike. Wenzangu walicheka, na ndicho nilichotaka. Alisubiri kicheko kiishe, akasema hakuitambua. Nikamuuliza kwa nini Mungu amwache kijana aliyesoma chuo cha Biblia, amwite mjane wa darasa la saba, tena asiye na mtoto. Alisema hata yeye angependa kujua.

Mchungaji alikuwa mpole kuliko mimi, lakini jibu lake lilikuwa lile lile. Alimweleza kwamba katika kanisa letu mtu hajitumi. Anayesikia wito moyoni lazima usharika umthibitishe. Anapelekwa chuoni, akirudi anaingizwa kazini mbele ya watu wote. Bila utaratibu huo, kila aliyeota ndoto atasimama sokoni na kipaza sauti. Na watu wa namna hiyo tulikuwa nao wa kutosha mjini. Tukapiga kura. Sita tulikataa. Mzee Ildefons peke yake alinyoosha mkono upande wa Elieth, nasi tukasema ni uzee. Nikaandika: "Mwombaji hana wito. Ashauriwe kuendelea na kwaya."

Kesho yake mchana nilimfuata kwake. Nilimkuta anafunga virago. Nilimwambia mambo ambayo ndugu wote walikuwa wanayasema pembeni: kwamba visiwani hakuna mwanamke anayekwenda kwa ajili ya Injili, kwamba anataka kutuaibisha, na kwamba kibanja ni cha ukoo.

"Ukiondoka," nikasema, "usitegemee kuukuta mlango huu wazi."

"Ta Kamugisha," akasema, akiniita kwa heshima ya Kihaya, "mlango huu ni wa Avit."

"Na Avit ni wa kwetu."

Aliendelea kukunja nguo. Aliondoka wiki mbili baadaye, Jumatatu asubuhi, cherehani ikiwa imefungwa nyuma ya bodaboda. Nilisimama barabarani nikimwangalia anahangaika na kamba, wala sikumsaidia. Mchana huo huo nilitia kufuli langu kwenye ile nyumba, na msimu ulipofika nilichuma kahawa yake. Sioni sababu ya kuficha.

Hapa Kagondo ilisemwa kwamba amefuata mwanaume. Mimi nilikuwa najua si kweli, maana nilimsikia mwenyewe mbele ya baraza, lakini sikumkanusha mtu hata mmoja.

Yaliyotokea kisiwani sikuyaona. Nayasimulia kama nilivyoyasikia baadaye, mengi kutoka kwa mtu mmoja anayeitwa Machibya, machache kutoka kwa Elieth mwenyewe. Kisiwa chenyewe sitakitaja, kwa heshima ya wagonjwa walioko pale. Ni kidogo, kiko upande wa Muleba, mwendo wa nusu siku kwa boti ya abiria. Wakazi wake karibu wote ni watu wa kuja: wavuvi wa dagaa na sangara kutoka Mwanza, Geita, Mara na kwingineko, wanawake wanaoanika dagaa, na wachuuzi. Wanaishi kwenye vibanda vya bati vilivyobanana juu ya mwalo, yaani ule ufuko ambako mitumbwi inatia nanga. Samaki wakipungua, wanahama.

Machibya alikuwa mwenyekiti wa mwalo huo. Ni Msukuma wa Sengerema, mtu mzima, mwenye mabega mapana na maneno machache. Elieth aliposhuka kwenye boti alikwenda kujitambulisha kwake kwanza, kama mgeni anavyopaswa. Machibya alimuuliza amekuja kufanya nini. Akasema amekuja kushona na kuhubiri.

"Nani amekutuma uhubiri?"

"Mungu."

Machibya akamsimulia habari za mgeni mwingine. Miaka miwili nyuma alikuja mwanaume aliyejiita mtume. Naye alisema ametumwa na Mungu, tena alipewa majina ya wagonjwa kwenye maono. Pale kisiwani watu wengi wanaishi na virusi vya Ukimwi na wanatumia dawa za kuvifubaza. Yule mtume aliwawekea mikono, akawatangazia kwamba damu zao zimesafishwa, na kwamba atakayemeza kidonge tena anamtukana Mungu. Wengi walitupa dawa zao ziwani, watu wakiimba. Baada ya miezi kadhaa walianza kufa. Wa tatu kuzikwa alikuwa mke wa Machibya. Mtume alikuwa ameshaondoka kwa boti ya samaki.

"Sasa niambie," Machibya akasema. "Aliyemtuma yule ndiye aliyekutuma wewe, au ni wawili?"

Elieth akasema, "Sijui."

Machibya aliniambia kwamba Elieth angetoa jibu lingine lolote, angemrudisha kwa boti ile ile. Lakini alikuwa amejiandaa kubishana, na mtu aliyesema hajui hakumpa pa kushika. Alimruhusu kushona. Kuhubiri alimkataza.

Jumapili ya kwanza Elieth alihubiri. Alisimama pembeni ya uwanja wa kuanikia dagaa, akasoma sura moja ya Luka, akaieleza kwa sauti ya kawaida, kama anavyomweleza mwanafunzi namna ya kukata mkono wa gauni, akaomba, akarudi kwenye cherehani yake. Hakuna aliyekaa kumsikiliza. Kwenye kibanda cha jirani waliongeza sauti ya muziki. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaosha samaki alimmwagia maji ya beseni miguuni, akasema hakumwona.

Jumapili ya pili akasimama tena. Machibya akaamuru asiuziwe kuni, na mwenye kibanda alichopanga akamtoa. Akajiegesha kwenye kibanda kilichoachwa, kisicho na mlango. Watu walimletea nguo za kushona kwa sababu fundi mwingine hakuwepo, lakini walizitupa mezani bila salamu na kuzichukua bila asante. Wanawake waliamini amekuja kuwachukulia wanaume wao. Wanaume waliamini anawapelelezea maofisa wa uvuvi. Aliendelea hivyo miezi mitatu, kila Jumapili, akihubiria dagaa. Neno hilo ni la watu wa mwalo, walimtania nalo.

Nilipomuuliza alikuwa anajisikiaje miezi hiyo, alisema alikuwa na hasira. Alikuwa amefikiri kwamba mtu akiitwa, hufunguliwa na njia. Alimkasirikia Mungu kwa kumwita jina na kisha kunyamaza, na kuna Jumapili alizosoma ile sura kwa ukali tu, kama mtu anayelipa kisasi.

Kisha akaja Stellah.

Stellah alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mwanikaji wa dagaa, mmoja wa wale waliowekewa mikono na mtume. Yeye hakufa kama wenzake, lakini alikuwa amekonda na anakohoa. Bado aliamini amepona. Alikuja kwa Elieth mchana watu wakiwa mitumbwini, akamwambia kwamba anajua yeye ameitwa kweli, ameona anavyovumilia matusi. Alitaka kitu kimoja: Elieth amwombee na amthibitishie kwamba Mungu bado anasema amepona, maana mwili ulikuwa unamtia mashaka.

Huyu alikuwa mtu wa kwanza kisiwani, na kwa kweli wa kwanza mahali popote ukimtoa Mzee Ildefons, kusema anaamini wito wake. Elieth alikiri kwangu kwamba furaha aliyoipata ilimtisha. Alimshika mikono, akaomba, akangoja. Hakusikia chochote.

"Mdogo wangu," akamwambia, "mimi niliitwa jina langu tu. Habari za damu yako sikuambiwa. Aliyeipima ni nesi, mrudie yeye."

Stellah alichomoa mikono yake. Alimwita mwongo na mchawi wa Kihaya, na kabla ya jioni alikuwa amekwishatangaza mwalo mzima kwamba yule mhubiri hana kitu, Mungu hasemi naye, amekiri kwa kinywa chake. Basi hata yule mmoja aliyemwamini akageuka.

Wiki iliyofuata Stellah alizidiwa, akawa hawezi kusimama. Zahanati ilikuwa kisiwa cha pili, na alikataa kupelekwa. Elieth alikwenda kwa Machibya kuomba boti. Machibya hakumkaribisha ndani. Alimuuliza anataka kumpeleka mgonjwa kwa mtume gani. Elieth akasema kwa nesi.

"Utamshika mkono njiani umwombee, halafu akipona useme ni wewe."

"Basi nibaki mimi. Mpeleke wewe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Machibya alimbeba Stellah kama gunia huku akimtukana yeye na jamaa zake wote, akampakia, akawasha injini. Elieth alibaki ufukweni. Machibya aliniambia kwamba alipokuwa katikati ya maji alimkumbuka mke wake, aliyemwomba boti mwishoni kabisa, dakika ambayo safari haikuwa na maana tena, na kwamba alilia peke yake pale kwenye usukani, Stellah akiwa amelala miguuni pake bila kujua.

Stellah alianzishiwa matibabu ya kifua na kurudishwa kwenye dawa zake. Ilichukua miezi, lakini alipona, akarudi kuanika dagaa. Anameza vidonge vyake. Lakini Stellah hamsalimii Elieth mpaka leo. Wakikutana kwenye njia ya maji anageuza uso.

Machibya naye hakuwa rafiki. Alipita kwenye cherehani siku moja, akasema bila kusimama, "Hubiri. Lakini siku utakayosikia sauti inakwambia habari za dawa za watu, boti ya kukurudisha ipo." Jumapili hiyo alikaa mbali kidogo, juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akasikiliza mwanzo mpaka mwisho akiwa amekunja uso. Alikuja kumlinda asidanganye watu, ndivyo anavyosema mwenyewe. Watu walipoona mwenyekiti amekaa, wengine wakakaa.

Mwaka mmoja na nusu baada ya Elieth kuondoka, usharika wetu ulipokea barua kutoka kisiwani. Wazazi kumi na mmoja walitaka watoto wao wabatizwe. Mchungaji Ishengoma alifurahi, kisha akashtuka, maana ilibidi tukubali kwamba kuna kundi la Kikristo lililoanzishwa na mtu ambaye sisi tuliandika hana wito. Baraza likaona suluhisho ni kumpeleka mwinjilisti halali. Tulikuwa na Nathanieli, kijana aliyetoka chuoni mwaka ule, mwenye cheti na gitaa. Mimi nikateuliwa kumsindikiza na kumtambulisha. Mchungaji angefuata baadaye kwa ubatizo.

Sikuwa na shauku ya kumwona Elieth. Boti ilitikisika njia nzima na nikatapika mbele ya wachuuzi. Tulipofika alikuja kutupokea, akanisalimia kwa Kihaya kwa adabu zote anazostahili shemeji mkubwa, akatupikia. Alikuwa amekuwa mweusi kwa jua. Hakuniuliza habari za nyumba yake, nami sikuzitaja.

Jumapili nikasoma barua ya utambulisho mbele ya watu kama hamsini waliokaa mchangani. Ilisema kwamba kuanzia siku ile huduma yote ya mahali pale iko chini ya Mwinjilisti Nathanieli, na kwamba Elieth anashukuriwa kwa kushika nafasi. Elieth alikuwa amekaa katikati ya wanawake, ananitazama usoni kama kawaida yake.

Machibya akasimama nyuma. "Huyu kijana tunamkaribisha," akasema. "Lakini ninyi mliomkataa huyu mama, nani aliwatuma?"

Nikajibu kwamba tulitumwa na kanisa. Watu walicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Nathanieli, maskini, alianza kupiga gitaa ili kunifunika.

Mchana nilimkuta Elieth kwenye cherehani. Nilitaka kumwambia kwamba si mimi niliyetunga ile barua, jambo ambalo lilikuwa kweli nusu tu. Badala yake nikamuuliza kama bado anaisikia ile sauti.

"Sijaisikia tena," akasema. "Ni ile siku moja tu."

"Muda wote huu? Sasa unaendelea na nini?"

"Hakuna aliyeniambia niache."

Nikadhani mazungumzo yameisha. Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono, akaniambia kwamba kibanja cha Avit ni chake kwa sheria, kwamba ameshamwandikia mtendaji wa kata, na kwamba atakuja Januari kukichukua. Alisema hivyo bila ukali wowote. Nilikasirika sana. Nilimuuliza kama hayo nayo ameambiwa na Mungu. Akasema hapana, hayo alisomewa na msaidizi wa sheria pale Muleba.

Januari alikuja kweli. Tulikaa mbele ya baraza la usuluhishi la kata asubuhi mbili. Nilileta wazee wa ukoo. Yeye alileta cheti cha ndoa na Mzee Ildefons, aliyekuja akitembea kwa fimbo. Nilirudisha ufunguo. Nilitegemea kwamba akishapata nyumba atarudi kuishi, na kwa kweli nilikuwa nimeanza kujiandaa kusema kwamba wito umeisha. Lakini alimleta mama yake, Serafina, kutoka Nshamba, akamweka humo, na siku ya tatu akarudi kisiwani. Serafina sasa ni jirani yangu. Anajua kila nililomtendea binti yake na hunikumbusha kila tunapokutana kwenye mpaka wa shamba.

Nathanieli alikaa kisiwani miezi mitano. Hakuwa mtu mbaya. Alijitahidi, lakini alikuwa anaogopa maji, na kila palipokuwa na semina bara aliipokea kama mwaliko wa harusi. Siku mtumbwi ulipozama kwa dhoruba na wavuvi watatu wakafa, yeye alikuwa Bukoba. Machibya mwenyewe alikwenda kumwita Elieth, akamwambia miili imeopolewa na watu hawana wa kuwazika. Mmoja wa wale watatu alikuwa mchumba wa Stellah. Elieth aliwazika wote. Stellah alisimama kaburini, akaitikia maombi, akaondoka bila kumwangalia.

Baada ya hapo Nathanieli aliomba uhamisho, na baraza likakaa tena. Niliwasomea ripoti yangu. Niliwaeleza habari za mtume, za Stellah, za mazishi, hata swali la Machibya. Mchungaji Ishengoma alisema kwamba utaratibu wa kanisa haujabadilika, lakini pengine tulikosea katika kuutumia. Wengine walisema tukimpa cheo, kesho kila mwanamke wa kwaya atasikia anaitwa. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho iliamuliwa ahudumu kama msaidizi wa kujitolea, bila kuingizwa kazini, mpaka atakapopatikana mwinjilisti mwingine. Upande wa kumpa nafasi kamili ulipata kura tatu. Wa kumkatalia, nne, na ya nne ilikuwa ya Mchungaji kama mwenyekiti wetu. Mimi sikunyoosha mkono upande wowote. Nilikuwa nimesikia mengi mno kuweza kumpinga, na nilikuwa bado nina hasira ya kibanja.

Nilimtumia ujumbe kwa simu kumweleza uamuzi. Alijibu siku mbili baadaye, mtandao ulipopatikana. Kuhusu cheo hakusema lolote. Aliomba vitabu vya nyimbo, kwa sababu waliopo walikuwa wanasoma watu wanne kwenye kitabu kimoja, na nyuzi nyeusi namba arobaini. Nilikusanya vitabu kumi na viwili stoo ya kanisa, nikanunua nyuzi, nikamkabidhi mchuuzi wa dagaa anayekwenda huko kila Alhamisi. Elieth hakuniandikia kwamba vimefika. Machibya ndiye aliyepiga simu kuniambia kwamba vimefika, vitano kati ya vile vitabu vikiwa vimeliwa na mchwa.